Mzazi, neno 'usiguse' liwekewe akiba

Ni saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miaka minne amechuchumaa nyuma ya nyumba, mkononi ana kizibo cha soda. Ndani ya kizibo kuna tone linalong'aa kuliko kijiko kipya. Akikiinamisha, tone linakimbilia upande wa pili. Akilibonyeza kwa kidole, linagawanyika kuwa matone matano, kisha yanafuatana na kuungana tena kama vifaranga kwa mama yao.

"Mama, njoo uone maji yanayokimbia!"

Mama yuko jikoni anapuliza moto. Bila kugeuka anajibu kwa neno ambalo amelisema tangu asubuhi: "Usiguse!"

Mtoto hashtuki. Neno hilo amelisikia alipomshika jongoo, alipokanyaga matope, alipochuma jani la mpera na alipotumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji. Mara zote hizo aligusa, na hakuna kilichomtokea. Anaendelea kucheza.

Tone lile ni zebaki. Jambo kama hili linaweza kutokea katika nyumba yoyote iliyo jirani na mwalo wa dhahabu, na katika Kata ya Saza, wilayani Songwe, nyumba za namna hiyo si chache. Mama hakukosea kukataza. Kosa lilianza mapema, pale neno la hatari lilipotumika kwa mambo yasiyo na hatari mpaka likaisha nguvu.

Ndiyo maana suala la kumwacha mtoto aone, asikie, anuse, aonje na aguse mazingira yake lina uzito wa pekee kwa wazazi wa maeneo ya machimbo. Mtoto aliyekatazwa kila kitu hajui kipi ni kibaya kweli. Aliyeachiwa kila kitu naye yuko hatarini. Kati ya hao wawili yuko mtoto aliyefundishwa, na huyo hufundishwa na mzazi anayetoka naye nje.

Milango mitano

Kiswahili kinaziita macho, masikio, pua, ulimi na ngozi milango ya fahamu. Jina hilo linaeleza kazi yake. Kabla mtoto hajajua kusoma, kila anachokijua kuhusu dunia kimepitia katika mojawapo ya milango hiyo mitano.

Mtoto mchanga hupeleka kila kitu mdomoni kwa sababu ulimi na midomo ndiyo mikono yake ya kwanza ya kuchunguza. Wa miaka miwili humwaga maji mara kumi ili aone kama yatamwagika kwa namna ileile. Wa miaka minne huuliza "kwa nini" mpaka mzazi anachoka. Wote watatu wako kazini.

Serikali ya Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Pamoja na afya, lishe na ulinzi, programu hiyo inataka mtoto apate malezi yenye mwitikio na nafasi ya kujifunza mapema. Malezi yenye mwitikio, kwa lugha ya nyumbani, ni mzazi kugeuka pale mtoto anaposema "njoo uone".

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwaka 1907, daktari wa Italia Maria Montessori alifungua mjini Roma nyumba ya kulelea watoto wa familia maskini. Huko aliwafundisha kwa vifaa vya kushika, kupima uzito kwa kiganja, kunusa na kusikiliza. Leo shule zenye jina lake zipo Tanzania pia, na baadhi ya wazazi hudhani elimu ya namna hiyo ni ya watoto wa mjini. Lakini mengi ya yale ambayo shule hizo huyaweka kwenye rafu, mtoto wa Saza anayo uani bure: mawe mazito na mepesi, majani laini na ya kukwaruza, mbegu za kupanga, milio ya kutofautisha.

Darasa lililo nyuma ya nyumba

Saza imejulikana kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, wakati mgodi wake ulipokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Chunya. Leo liko Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Watu wengi wakitaja Saza hufikiria kilicho chini ya ardhi. Mtoto mdogo anahitaji zaidi kilicho juu yake.

Macho yaanze na miti. Mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, wakati udongo umekauka na mvua bado haijanyesha, miombo huchipua majani mapya. Mengi ya majani hayo hutoka mekundu au rangi ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Mzazi anaweza kuchagua na mtoto mti mmoja, ukawa "mti wetu", wakaupitia kila Jumapili na kuulizana nini kimebadilika. Mtoto ataanza kutofautisha wekundu na wekundu. Atagundua pia kwamba mti hujiandaa kabla ya mvua, na kwa mtoto wa mkulima hilo ni somo kubwa.

Masikio yanahitaji umbali kutoka kwenye karasha, kwa sababu mashine ya kusaga mawe humeza sauti nyingine zote. Alfajiri, kabla mitambo haijawashwa, mchezo ni rahisi: mzazi na mtoto wanafumba macho, na kila sauti inayosikika inahesabiwa kwa kidole. Jogoo, kidole cha kwanza. Hua, cha pili. Upepo kwenye majani, cha tatu. Mara nyingi mtoto humshinda mzazi, na hilo humfurahisha kuliko pipi.

Kusikiliza hurithishwa. Katika misitu ya miombo yupo ndege mdogo anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki, wao wachukue asali, yeye ale nta. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania humwita kwa mluzi. Kwa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walipima mwaka 2016 mlio maalumu wa warina asali. Wakaona kwamba ukitumika mlio huo, uwezekano wa ndege kumwongoza mtu hupanda kutoka kama theluthi moja hadi kama theluthi mbili. Warina asali hao walisema mlio ule walifundishwa na baba zao. Baba asiyetembea na mtoto hawezi kumrithisha kitu cha namna hiyo.

Pua ina siku yake kuu, siku ya mvua ya kwanza. Ile harufu ya udongo inayopanda baada ya matone ya mwanzo hutokana na bakteria wanaoishi ardhini, ambao hutengeneza kemikali inayoitwa jiosmini. Matone yakipiga ardhi kavu huirusha hewani. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Mtoto hahitaji kujua jina hilo. Anahitaji mtu wa kusimama naye mlangoni na kumuuliza, "Unasikia harufu hiyo? Inafanana na nini?" Siku nyingine mchezo unaweza kuwa wa majani. Mtoto anafungwa macho kwa kanga, jani la limau, la mpera na la mchaichai yanafikichwa moja moja, naye anataja lipi ni lipi.

Ulimi ndio mlango unaohitaji mlinzi zaidi. Hapa kanuni ni moja: mtoto haonji kitu cha porini ila kilichotoka mkononi mwa mtu mzima anayekijua. Uyoga haujaribiwi kabisa, kwani wenye sumu na usio na sumu huweza kufanana hata kwa macho ya mtu mzima. Lakini vya kuonja havikosekani. Makao makuu ya wilaya, Mkwajuni, yamebeba jina la mti ambao tunda lake humfanya mtoto akunje uso na kucheka kwa wakati mmoja. Ukwaju, embe bichi, embe bivu, asali na ndimu vinatosha kumfundisha uchachu, utamu na namna tunda moja linavyobadilika likiiva.

Ngozi ina kazi kuanzia unyayo hadi kidole. Gome la mti, vumbi la barabara, udongo wa mfinyanzi uliolowa, nywele za mbuzi. Baba mchimbaji ana somo lake la pekee hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi kwa kiganja chake. Anaweza kumpa mtoto mawe mawili yanayolingana ukubwa na kumuuliza lipi zito. Anaweza kumweleza kwamba dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji, ndiyo maana hubaki chini ya karai mchanga ukienda na maji. Na kwa familia itakayopata safari ya Mbozi, kimondo cha Ndolezi ni kitu cha kushikwa kwa viganja viwili. Kina urefu wa takriban mita tatu na sehemu yake kubwa ni chuma. Mtoto akikigusa atajua mwenyewe kwamba hilo si jiwe kama mawe mengine.

Usiku mmoja tu huifungua milango yote mitano, nao ni usiku wa kumbikumbi. Baada ya mvua za mwanzo wanatoka kwenye vichuguu na kuifuata taa. Mtoto anawaona wakizunguka, anasikia mabawa yao, anawashika, ananusa wanapokaangwa na kuwaonja. Bibi akiwapo, somo linakuwa refu zaidi.

"Bibi, mbona wanaacha mabawa chini?"

"Safari yao imeisha, mjukuu wangu. Sasa wanatafuta pa kujenga."

"Wanajenga kichuguu?"

"Ee. Wachache tu ndio watakaofika, baba'ngu. Wengine ndio hawa kwenye kikaango."

Bibi huyo anaweza kumtajia majina ya miti na wadudu kwa Kibungu, Kinyiha, Kisukuma au lugha yoyote ya nyumbani kwao. Mtoto anayejua jina la mti humtazama mti huo kwa macho mengine.

Kitu kinachodanganya milango yote

Mpaka hapo mzazi anaweza kusema mazingira ni salama kwa mtoto anayetumia akili zake. Kichungu humwonya ulimi. Moto humwonya mkono. Kinachooza huionya pua. Zebaki haimwonyi yeyote.

Macho huisifia kwa sababu inang'aa. Kidole huipenda, maana ni baridi, inateleza na hailoweshi mkono. Ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo tone dogo tu hushangaza kwenye kiganja. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu aliyekaa chumba kimoja na dhahabu inayochomwa anaweza kuuvuta wote bila kukunja pua, na sehemu kubwa ya mvuke unaoingia mapafuni hupenya hadi kwenye damu.

Kutoka kwenye damu zebaki hufika kwenye ubongo na figo. Kwa mtu mzima huweza kuleta kutetemeka mikono, kusahau na hasira zisizo na sababu. Kwa mtoto ni hatari zaidi, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa. Mama mjamzito akiivuta, hupita na kumfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki katika orodha ya kemikali 10 zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya jamii.

Marudio nayo hudanganya. Mchanga ule uliosagwa na kuoshwa ni laini, unashikana vizuri ukilowa, na lundo lake hupendeza kwa kuteleza na kujenga vijumba. Hakuna mchanga unaomvutia mtoto kuliko huo. Lakini hubaki na masalia ya zebaki iliyotumika kuchenjulia, na jicho haliwezi kuyaona.

Maji ya kijito kilicho chini ya mwalo yanaweza kuonekana safi pia. Zebaki iliyozama kwenye tope hubadilishwa na bakteria kuwa aina nyingine, ambayo huingia kwa wadudu wa majini, kisha kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa, ikiongezeka kila hatua. Mito ya ukanda huo huelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutolea maji. Kinachoingia humo hakina njia ya kwenda baharini.

Japan ililipia somo hilo. Mwaka 1956 madaktari katika mji wa Minamata waliripoti ugonjwa usioeleweka wa wavuvi na familia zao, na baadaye ikajulikana chanzo ni zebaki ya kiwandani iliyoingia kwa samaki na chaza. Paka wa mji ule waliokula samaki hao nao walitetemeka na kuanguka. Wapo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili chache. Kwa kumbukumbu hiyo mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 uliitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe.

Hofu hiyo si ya nchi za mbali. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakati Songwe ilipokuwa bado ndani ya Mbeya. Ripoti ilieleza watoto walioshika zebaki kwa mikono mitupu na waliokuwapo inapochomwa.

Wembe hukata leo

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Maana yake ni kwamba yako mambo ambayo mtoto hujifunza kwa kuumia kidogo. Kwa wembe, pilipili au jongoo msemo huo una ukweli wake. Mkono unakatwa, damu inaonekana, kilio kinatoka, na kesho mtoto ana akili mpya.

Zebaki haifuati msemo huo. Haikati leo. Mtoto aliyecheza nayo jioni hula vizuri, hulala vizuri na huamka akicheka. Hakuna kilio kitakachomfundisha. Madhara yakija huja taratibu, pengine yakajitokeza darasani, pale mtoto anaposhindwa kushika anachofundishwa, na hakuna atakayekumbuka kizibo cha soda.

Kwa hiyo somo la kujionea halitoshi hapa. Linahitajika neno la mzazi, na neno hilo lazima liaminiwe. Mtoto analiamini neno lisilotumika hovyo. Ndiyo sababu ya kuliwekea akiba.

Mzazi anaweza kujipima siku moja tu: kila anaposema "usiguse" aweke punje moja ya mahindi kwenye kikombe. Jioni azihesabu, kisha ajiulize ngapi kati ya hizo zilikuwa za hatari ya kweli, na ngapi zilikuwa za nguo kuchafuka, za haraka au za uchovu wake mwenyewe. Nguo hufuliwa. Uchovu ni haki ya mzazi, lakini unaweza kusemwa kwa jina lake: "Mama amechoka, mwanangu, tutaangalia kesho." Kwa matope yapo maneno mengine: "Cheza, kisha tunawe." Kwa kifaranga: "Mshike taratibu, usimbane." Kwa ndoo ya maji ya kunywa: "Hiyo ya kunywa, chezea yale ya beseni."

Neno "usiguse" libaki na kazi chache. Kwa Saza orodha inaweza kuwa fupi hivi: zebaki, lundo la marudio, maji ya mwalo, shimo lolote la mchimbaji, chupa isiyojulikana, nyoka, moto. Orodha ya saba mtoto wa miaka minne anaweza kuishika. Ya mia hata mzazi mwenyewe haimkai kichwani.

Onyesha, uliza, kisha gusa

Kwa vyote vilivyobaki duniani, mtoto anaweza kufundishwa mwendo wa hatua tatu. Kwanza anakionyesha kwa kidole. Pili anauliza, "Hiki kinaguswa?" Tatu, akijibiwa ndiyo, anagusa kadiri apendavyo. Wimbo wowote wa nyumbani unaweza kubeba maneno hayo matatu mpaka yakae kinywani.

Mwendo huo una sharti moja kwa mzazi: swali lijibiwe, na mara nyingi jibu liwe ndiyo. Mtoto anayeuliza mara kumi na kujibiwa "acha" mara kumi ataacha kuuliza, siyo kugusa.

Matembezi yenyewe hayahitaji siku nzima. Dakika 20 za asubuhi ya Jumapili zinatosha. Mtoto avae viatu kwa ajili ya miiba, nge na nyoka. Njia iwe ya upande wa juu, kunakotoka maji, mbali na mialo na mashimo ya zamani. Wakati wa mvua mashimo hujaa maji na kingo zake hulainika, hivyo mtoto ashikwe mkono hata kama njia inajulikana. Mzazi amfuate mtoto anachokitazama badala ya kumvuta kwenye kile anachokitaka yeye. Wakirudi wanawe mikono kwa sabuni, kisha mtoto amsimulie aliyebaki nyumbani alichokiona.

Nyumbani yapo mambo ambayo mtoto hawezi kujilinda nayo na watu wazima ndio wenye wajibu. Zebaki isiletwe nyumbani, hasa katika chupa ya soda au ya dawa. Dhahabu isichomwe jikoni wala chumbani. Wanaochoma watumie retoti inayonasa mvuke, mahali pa wazi palipo mbali na makazi. Ikitokea imemwagika ndani, watoto na wajawazito watoke, milango na madirisha yafunguliwe. Isifagiliwe, kwa kuwa ufagio huivunja kuwa matone madogo zaidi. Isogezwe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, iingizwe kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko, na isitupwe chooni wala mtoni. Mtoto aliyeichezea anawishwe vizuri na apelekwe kituo cha afya, mhudumu aelezwe wazi kilichotokea.

Liko jambo moja gumu zaidi. Baba au mama anayerudi kutoka mwaloni hubeba vumbi na masalia kwenye nguo, na mtoto humkimbilia mlangoni kwa mikono miwili. Kumzuia inauma. Lakini mtoto humjua mzazi wake kwa ngozi na pua kabla ya kumjua kwa jina, na kumbatio lile ndilo litakalompa pumzi ya kilichomo kwenye shati. Familia inaweza kuweka desturi: nguo za kazi zinavuliwa nje, zinafuliwa peke yake, mzazi anaoga, ndipo kumbatio linafuata, na liwe refu kuliko la kawaida. Mtoto huzoea desturi upesi. Baada ya wiki mbili atakuwa yeye anayepeleka sabuni na maji bafuni ili zamu yake ifike haraka.

Wapo wanaolazimika kwenda mwaloni na mtoto mgongoni kwa sababu hakuna wa kumwachia. Kuwalaumu hakusaidii. Kina mama watatu au wanne wanaofanya kazi eneo moja wanaweza kupeana zamu, mmoja abaki na watoto chini ya mti ulio mbali na vumbi na moshi. Mti huohuo unaweza kuwa darasa la gome, majani na sauti za ndege.

Jioni nyingine, baada ya majuma kadhaa ya kuonyesha na kuuliza, mtoto yuleyule anaweza kukutana tena na kitu kinachong'aa, safari hii kando ya njia ya kwenda kwa bibi. Atainama. Macho yatamvuta na kidole kitaanza kunyooka. Kitakachompa muda wa kufikiri ni mazoea madogo: kidole kinaishia hewani, kichwa kinageuka.

"Bibi, hiki kinaguswa?"

"Hicho usiguse, mjukuu wangu."

Na kwa kuwa neno hilo halisikii kila siku, anarudisha mkono na kumshika bibi yake, wanaendelea na safari wakihesabu milio ya ndege.